Mama Kambare na Taa Aliyoibadili

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, familia imempa binti wa marehemu kazi ya kuwasomea maisha ya mama yake, naye amehakiki kila tarehe kwenye vyeti na madaftari, kwa sababu marehemu hakuvumilia tarehe ya kukisia.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Kambare, alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1964, mtoto wa nne wa mwalimu na mshonaji, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, sekondari hadi 1981, kisha chuo cha ufundi wa maabara, akahitimu Novemba 1984, na Jumatatu ya tarehe 4 Februari 1985 akaajiriwa katika maabara ya samaki ya chuo kikuu, chumba cha mwisho kwenye korido ya chini, chenye dirisha moja lililozibwa kwa karatasi nyeusi.

Tarehe 9 Desemba 1989 alifunga ndoa na fundi seremala, ambaye hakuchoka kuwaambia wageni kwamba alioa mke mmoja akaletewa pia kambare hamsini, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1991, na wa kike, huyu anayesoma, tarehe 20 Agosti 1997.

Kazi yake, kwa wasioijua, ilikuwa kupima jinsi damu ya samaki inavyoshika hewa na kuiachia, na hewa aliyoitumia ni kaboni monoksidi, ile ya moshi wa mkaa, ambayo huing'ang'ania damu kama kupe, lakini ukiimulika damu hiyo kwa mwanga mkali hewa hubanduka, ukizima taa hurudi, na damu ya kambare ikitiwa asidi hurudi polepole mno, ndiyo maana taa ya kupimia inatakiwa iwe hafifu.

Tarehe 11 Mei 2011 taa hiyo iliungua, akaweka nyingine yenye nguvu mara nne ili sindano ya mashine isomeke vizuri, ikasomeka vizuri kweli, naye hakuliandika badiliko hilo daftarini, tarehe tumeipata kwenye risiti ya taa. Kwa miaka kumi na miwili vipimo vikaonyesha kwamba damu ya kambare ikitiwa asidi huachia nusu ya hewa yake, mkuu wa maabara akavichapisha, vikampa uprofesa, na wanafunzi sita wakapata shahada kwa namba hizo.

Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, umeme ulipungua nguvu, taa ikafifia, na damu ile ile ikaanza kushika hewa bila shida, kumbe taa kali ndiyo iliyokuwa ikiibandua. Marehemu alipima mara tisa, akafunga chumba, akapanda ghorofa ya pili. Mkuu wake, aliyefanya kazi naye miaka ishirini na minane, alimsikiliza hadi mwisho, akacheka kidogo, akamwambia, "Dada, hao kambare wameshakufa, waache walale." Naye akamjibu, "Kambare wamelala, mzee, ila namba zao bado zinatembea."

Septemba mwaka huo aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, madaktari wakatupatia hesabu ya miezi, si miaka, mumewe akamsihi akae nyumbani, wifi zake wakasema anajitafutia aibu ya uzeeni, lakini kila alipopata nafuu alirudi kwenye chumba kile, akitembea huku ameshika ukuta wa korido, akarudia vipimo vyote arobaini kwa taa hafifu, akamaliza tarehe 1 Desemba, na jibu halikuwa nusu, lilikuwa moja ya tano. Akaandika barua ya masahihisho kwa jarida lililochapisha matokeo, kurasa mbili, akalitaja kosa kuwa lake peke yake, akaweka saini, na tarehe 5 Desemba akamkabidhi mkuu ili naye asaini ndipo itumwe.

Mkuu alimtembelea wodini mara mbili, akaleta matunda, akazungumzia mvua, na kila alipoondoka marehemu alimuuliza binti yake mkuu amesema nini mlangoni, binti akajibu kwamba amemtakia apone haraka. Siku moja kabla ya kufariki alimshika binti huyo mkono akamwambia, "Mwanangu, kosa langu liandike, na tarehe yake. Usinipambe."

Alifariki Alhamisi, tarehe 18 Januari 2024, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka 59, akiacha mume na watoto wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani mliotupatia viti, maji na mabega yenu, na wafanyakazi wenzake wa korido ya chini waliombeba ngazi zilipomshinda. Inamshukuru pia mkuu wa maabara, aliyeketi nasi hapa tangu asubuhi, na inamshukuru mapema kwa barua ambayo hadi jana saa kumi jioni ilikuwa juu ya meza yake, ina saini ya mama, na chini yake nafasi moja tupu.

Mama, pumzika sasa, sehemu yako umeimaliza.