Tulivyofunga Arusi kwa Mifuko ya Unga

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Bwana Yesu, ninyi mlioketi mbele na ninyi mliobanana pale karibu na mlango. Bwana asifiwe. Lakini leo nimesimama hasa kwa ajili yenu ninyi wa karibu na mlango, kwa sababu mahali hapo napajua. Nimepakalia miaka mingi kuliko benchi lolote la kanisa hili.

Naitwa Raheli, mke wa Yona, fundi wa majembe katika shamba la mzungu upande wa Rongai. Mimi nilikuwa kibarua wa mahindi katika shamba hilo hilo. Yona alinioa kwa njia ya wazee: mbuzi walitoka, mablanketi yalitoka, baba yangu akaridhika, nikahamia kwake. Kilichobaki kilikuwa arusi ya kanisa. Tukasema itakuwa baada ya mavuno. Mavuno ya mwaka gani, hatukusema.

Mnakumbuka arusi ilivyokuwa hapa kwetu. Ilikuwa lazima gauni linunuliwe mjini Nakuru, motokaa ikodishwe na kufungwa riboni, keki itoke dukani, halafu wali na nyama kwa kila mwenye mdomo. Mimi nimesoma Biblia na sijaona mahali palipoandikwa motokaa. Lakini mtu akifunga arusi bila motokaa alisemwa mpaka watoto wake nao wakaoa. Kwa hiyo sisi tusio na kitu tulingoja.

Na kanuni ya kanisa mnaijua. Anayekaa na mume bila arusi ya kanisa hali Meza ya Bwana, na watoto wake hawabatizwi. Kila Jumapili ya Meza, mahubiri yakiisha, mzee wa kanisa alitoka nje akapiga kile kipande cha reli kinachoning'inia pale, na sisi tukainuka tukatoka. Tulikaa chini ya mikalitusi tukiwasikia wenzetu wanaimba ndani. Mwanzoni unainamisha kichwa. Baadaye unazoea, unabeba hata sweta yako ya kufuma. Ilifika wakati, ndugu zangu, sisi wa nje tulikuwa wengi kuliko wa ndani, na kila mmoja alikuwa anaweka akiba ya motokaa.

Akiba yetu ililiwa na kila kitu. Viwavi walikula mahindi, sisi tukala akiba. Mtoto wetu Marita akaugua kifua, tukaila tena. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chetu kilikuwa kimetoboka.

Kati yetu wa nje walikuwako Mzee Zakayo na mkewe Dorika, watu wazima wenye wajukuu. Zakayo alikuwa ameshanunua suti ya kijivu, ikining'inia ukutani chini ya shuka. Dorika naye alikuwa ameweka kitambaa cheupe cha gauni ndani ya sanduku. Walikuwa wamebakiza motokaa na karamu tu. Basi mvua za masika zikaja, Zakayo akashikwa na homa ya mapafu, akafa.

Kanisa halikumzika. Mchungaji alikuja kama jirani, akasimama mbali kidogo, kofia mkononi, hakusoma neno lolote. Nilimwona akijifuta macho, lakini kanuni ni kanuni. Zakayo alilala ndani ya jeneza amevaa ile suti ya arusi. Haikuwa imevaliwa hata siku moja, na mikunjo ya dukani ilikuwa bado inaonekana kwenye mikono. Niliogopa sana siku ile. Kufa sikukuogopa, niliogopa kungoja.

Tukiwa njiani kurudi, Yona akasema, "Suti ile ni nzuri."

"Ni nzuri," nikamwambia. "Lakini mimi gauni langu sitaki kulivalia huko. Jumapili ya Meza inayokuja tunafunga arusi."

"Na motokaa?"

"Yona, kutoka kwetu mpaka kanisani chai haijachemka umefika. Tutatembea."

Tukapiga magoti pale pale kando ya barabara, kwenye matope, nikaomba, "Bwana, tutoe kwenye hofu ya macho ya watu." Sikuona mwanga wala sikusikia sauti. Niliinuka na magoti yenye matope, na moyo wangu ulikuwa umetulia kuliko nilivyoujua kwa miaka yote hiyo.

Tukaanza kazi. Mpishi wa yule mzungu wa shamba alinipa mifuko ya unga, ile ya kitambaa cheupe. Niliifumua, nikaichemsha kwa magadi na sabuni, nikaianika kwenye nyasi ipigwe na jua na umande. Maandishi yote yalitoka, ila picha moja ya suke la ngano, ya rangi ya buluu, ilikataa katakata. Dorika ndiye aliyenishonea gauni. Aliliweka suke hilo kwenye pindo la nyuma akasema, "Huko nyuma nani atatazama?" Baadaye kila mtu alitazama, lakini hilo halikunisumbua.

Dorika akafungua na sanduku lake ili anipe kile kitambaa chake mwenyewe. Panya walikuwa wametutangulia. Akakiinua kwenye mwanga, matundu matupu, akakaa kitandani akalia, na mimi nikalia naye. Halafu akajifuta uso akasema, "Basi kitakuwa shela. Shela huwa na matundu." Akakata, akapinda, na ukisimama mbali ungedhani ni lesi ya dukani.

Pete aliitengeneza Yona kwa senti kumi, ile yenye tundu katikati. Alilipanua tundu kwa tupa mpaka pesa ikaingia kidoleni. Kazi hiyo aliifanya amefunga mlango, maana pesa ilikuwa na jina la mfalme, na katika siku zile za Hali ya Hatari mtu aliweza kufungwa kwa jambo dogo. Mchungaji naye akakubali kutufungisha ndani ya ibada ya kawaida. Mkutano wa pembeni ungetaka ruhusa, na Jumapili watu wangekuwa wamekuja tayari. Keki niliioka mwenyewe kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Chai ingekuwapo ya kutosha, ila vikombe hatukuwa navyo, basi tukatangaza kila mtu aje na chake.

Hapo kwenye kikombe ndipo moto ulipowaka. Mama mkwe wangu alikuja mpaka mlangoni, akakataa kiti.

"Mama Marita, tangu lini mgeni akaitwa na kikombe chake? Unataka waseme mwanangu ameshindwa hata na chai? Mimi siji."

Nina ulimi mimi, ndugu zangu, na jibu nilikuwa nalo tayari. Bwana akaniziba mdomo. Nikasema tu, "Mama, ukija utanifurahisha sana. Usipokuja, bado nitafunga arusi." Akaenda zake.

Yona akanywea. Kwetu, arusi ambayo mama wa bwana arusi hayuko ni arusi yenye neno. Akaniambia, "Tungoje kidogo, mama apoe." Nikamjibu kwamba Zakayo naye alikuwa amebakiza kidogo tu.

Siku ikafika. Tulitembea, viatu mkononi mpaka karibu na kanisa visiingie vumbi, na wenzetu wa mikalitusi wakatufuata nyuma wakiimba. Nilitazama huku na huku, mama mkwe sikumwona. Tuliapa, Yona akanivisha pete, mchungaji akatutangaza mume na mke mbele ya watu wote. Tukakaa benchi la mbele, tukasikiliza mahubiri. Kisha mzee wa kanisa akatoka nje, na ile reli ikalia.

Sijui niwaeleze vipi. Miguu yangu iliinuka yenyewe, haikuniuliza. Wenzangu walikuwa wanatoka, na mimi nikatoka pamoja nao, Yona nyuma yangu, bibi arusi na bwana arusi wanaondoka kwenye arusi yao. Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Na pale mlangoni, kwenye benchi la mwisho, alikuwa ameketi mama mkwe wangu, kitambaa kipya kichwani, kikombe chake cha bati mapajani. Alikuwa ameingia kimya wakati wa mahubiri. Akanishika mkono, ule wenye pete.

"Wewe, unakwenda wapi?"

"Nje, Mama. Reli imelia."

"Haikuiti wewe tena. Rudi ndani, mwanangu."

Akasimama, akanigeuza kwa mabega yangu, akatembea nasi mpaka mbele. Nikapiga magoti nikapewa mkate, na machozi yaliyonitoka siku ile sikujua yalikuwa yamekaa wapi.

Namshukuru Mungu. Marita alibatizwa. Dorika, kwa kuwa sasa ni mjane, alirudishwa Mezani, na sasa anakaa benchi la pili, anawashonea wengine. Hii senti kumi hunipaka rangi ya kijani kidoleni. Naosha, inarudi, nimeiacha. Mama mkwe wangu bado anasema chai ya siku ile ilikuwa nyepesi, na ni kweli.

Sasa ninyi wa karibu na mlango, nawasihi kama dada yenu. Mtegemeeni Bwana, yeye hajawahi kumwuliza mtu motokaa yake iko wapi. Shela iko nyumbani kwangu, panya hawajaimaliza. Mifuko ya unga tutaitafuta pamoja, na vikombe mtakuja navyo. Punde mzee atatoka na reli italia, na leo najua mtainuka. Nitakuwa hapa Jumapili ya Meza ijayo, na nitakaa pale kwenye benchi la mwisho, mlangoni.