Mama Pamba na Nguva Aliyebanwa Pumzi

Miaka thelathini na mitatu si mchezo. Tarehe 30 Juni, Mama Pamba, mhifadhi wa picha katika jumba letu la makumbusho, atakabidhi funguo za ghala na kwenda zake nyumbani. Nimeombwa niandike mimi, fundi wa fremu, na wanaojua kisa chetu wanaelewa kwa nini sikuwa na pa kukwepea.

Aliajiriwa kufagia ghorofa ya chini. Mhifadhi wa wakati huo alimkuta akipangusa fremu kwa brashi laini aliyoileta kutoka kwao, akamtoa kwenye ufagio wiki hiyohiyo. Jina la Pamba limetokana na vijiti vyake vya pamba, ambavyo huvilowesha kwa mate na kuondolea uchafu kwenye picha, kidogo kidogo. Wageni hushtuka. Yeye huwaeleza kwamba hakuna dawa iliyo mpole kama mate, na kwamba siku za kazi hiyo hagusi kahawa wala kitunguu. Mumewe analalamika kwamba nyumbani hata vijiko hukaguliwa kwa tochi.

Sasa nije kwa nguva, maana najua ndiye mnayemsubiri.

Miaka tisa iliyopita kamati iliketi kupunguza msongamano ghalani. Picha ya nguva, yule mnyama mkubwa wa baharini anyonyeshaye, ilikuwa ya kwanza kwenye orodha ya kutupwa. Wajumbe walisema mchoraji hakujua kazi: mnyama kama gunia lililozama, kichwa kimekatika juu, mgongoni ana kibyongo. Niliunga mkono kwa sauti kubwa kuliko wote. Mama Pamba alipinga peke yake. Alisema nguva hupumua hewa kama sisi, na mtu aliyechora kila unywele wa mdomo asingesahau kumpa mnyama wake njia ya pumzi. Aliomba jambo moja tu, fremu ifunguliwe mbele ya kamati.

Fremu hiyo niliitengeneza mimi nilipokuwa mgeni kazini. Nilileta bisibisi huku nimenuna. Ubao wa juu ulipotoka, nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimeikata fremu fupi kwa vidole vitatu, nikaogopa kusema, nikakunja ukingo wa picha nikidhani ni maji tu. Kwenye mkunjo ule kulikuwa na uso wa bahari, na juu yake matundu mawili ya pua yamefunguka. Nyuma yake kulikuwa na pua nyingine, ndogo. Kibyongo kilikuwa mtoto, amepanda mgongoni kwa mama yake.

Angeweza kunimaliza palepale. Badala yake aliiambia kamati kwamba fundi yeyote hukosea vipimo, na fremu mpya itakuwa tayari Ijumaa. Ila kwenye korido alinipasha: mficha maradhi kifo humuumbua, na fundi mficha vipimo, bisibisi humuumbua. Sijaficha kosa tangu siku hiyo.

Leo nguva yuko ukumbi mkuu. Wanafunzi husimama mbele yake wakibana pumzi, waone nani atashindwa kwanza. Na fremu ile fupi ninayo karakanani, juu ya meza ya kupimia.

Asante, dada yangu, kwa kuokoa picha, na kwa kuniachia kazi yangu na heshima yangu. Umezama humu miaka thelathini na mitatu. Sasa inuka upumue, na maisha yakuendee vyema. Juu yako hakuna ubao.