Mwalimu Shimba na Namba Yake ya Tarakimu Nane

Mpendwa wetu, Mwalimu Alexander Shimba, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Kayenze, kando ya ziwa, mtoto wa nne wa Mzee Machibya na Mama Getruda, akaanza darasa la kwanza mwaka 1959 baada ya kuchunga ng'ombe kwa muda mrefu kuliko alivyopenda, na mwaka 1972 akahitimu Chuo cha Ualimu Butimba, mwalimu wa hesabu.

Alifundisha shule mbalimbali za mkoa huu hadi alipostaafu Machi 2011, na ninyi mliopita mikononi mwake, wengine mmeketi hapa na mvi zenu, mnaikumbuka 73,939,133, namba aliyoiandika ubaoni kila mwaka, akaeleza kwamba ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, kisha akafuta tarakimu ya mwisho, na iliyobaki nayo ikawa tasa, akafuta nyingine, ikawa tasa tena, mpaka ikabaki saba peke yake, wala hakuna namba kubwa kuliko hiyo yenye tabia hiyo, na mbishi alipewa chaki aigawe mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Tarehe 2 Septemba 1978 alifunga ndoa na Modesta, fundi cherehani, wakajenga Mkolani, wakajaliwa Revocatus, Winnie na Suzana, na Modesta, ambaye yeye na hesabu hawakuwahi kupatana, aliikariri namba ile kwa kuisikia tu wakati wa kula.

Mwaka 2019 Mwalimu alianza kupotea njia akitoka stendi ya Buzuruga, Modesta akampeleka kwenye zahanati moja, daktari akamwambia atoe saba kwenye mia, kisha aendelee kutoa saba, naye akashuka bila kusita, tisini na tatu, themanini na sita, akapita sifuri, akaingia kwenye hasi, daktari ndiye aliyechoka, wote wakacheka, wakarudi nyumbani wakimshukuru Mungu kwamba mzee ni mzima, na kwa furaha hiyo ugonjwa ukapewa miaka miwili ya kujichimbia.

Ugonjwa wa kusahau ulipothibitishwa mwaka 2021, maji yalikuwa yamezidi unga, dawa zikawa za kuuchelewesha tu, na kila asubuhi Modesta alimwomba mumewe aitaje namba yake, akatega sikio, Krismasi ya 2022 namba ikaishia 73,939, Pasaka iliyofuata 739, naye akajipa moyo kwamba kilichobaki bado ni tasa, bado ni Shimba wake, hadi asubuhi moja ya Novemba 2024 Mwalimu alipomtazama mke wake kama mgeni wa heshima, akamwamkia shikamoo, na Modesta, bakuli la uji mkononi, akaitikia marahaba.

Homa ya mapafu ilimchukua Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, Modesta akiwa amemshika mkono, mkono ambao haukumshika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mkolani mliomrudisha nyumbani kila alipopotea bila kumcheka, na walimu wenzake mliokuja kuketi naye hata alipowauliza ninyi ni akina nani.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, asubuhi ya leo Modesta hakukuuliza kitu.