Laurencia Bartolomeo Tluway, Mwenye Nyumba ya Tisa

Baba Paroko, ndugu, majirani wa Tlarma, na ninyi mliotoka mbali: huyu tunayemzika leo, Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, ni dada yangu wa tumbo moja. Mimi ni Sabina, mdogo wake. Familia imeniomba nisome wasifu wake kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki ninayemjua tangu utoto. Nimekubali, ingawa nusu yenu mliokaa hapa mnajua kwamba nimemwonea wivu miaka sitini. Nisiposema mwenyewe mtasema ninyi kwenye chai.

Marehemu Laurencia alizaliwa tarehe 12 Mei 1955 hapahapa Tlarma, wakati Karatu yote ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Mbulu. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Bartolomeo Tluway na marehemu Mama Antonia. Baba alifurahi sana, akamtengea mtamba mwekundu. Mimi nilizaliwa miaka mitatu baadaye, nikatengewa mbuzi. Alikuwa mbuzi mzuri, simsemi vibaya, lakini ng'ombe ni ng'ombe. Yule mtamba alizaa mara saba.

Mwaka 1964 alianza shule ya msingi, akamaliza darasa la saba mwaka 1970. Alikuwa na mwandiko uliolala vizuri kwenye mstari, na walimu walimpa kazi ya kuandika barua za shule. Nilipofika darasa hilo nyuma yake, mwalimu alishika daftari langu akaniuliza, "Wewe kweli ni mdogo wake Laurencia?" Nikasema ndiyo, mwalimu. Akalirudisha bila kusahihisha. Baada ya shule, marehemu alijifunza ushonaji kwa masista kwa miaka miwili, akarudi nyumbani na cheti na mkasi wake mwenyewe.

Mwaka 1973 aliweka cherehani kwenye kibaraza cha duka mjini Karatu, na hapo alikaa miaka arobaini na miwili. Wengi wenu mlivaa sare za shule alizoshona yeye. Hakupenda kutumia futi. Mtoto alisimama mbele yake, yeye akamtazama juu hadi chini, akakata kitambaa, na nguo ikakaa. Baadaye hoteli za watalii zilimpa kazi ya mapazia, naye akafundisha wasichana kumi na wawili, ambao watano wana cherehani zao hadi leo. Msimu wa kilimo alifunga kibaraza akarudi shambani kwenye mahindi na mbaazi zake, na huko pia alivuna kuliko sisi.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 24 Julai 1976 na marehemu Hilary Akonaay. Huyo Hilary alikuja nyumbani kwetu mara tatu na suruali ileile, akidai imechanika. Mara zote tatu mimi ndiye niliyempa kigoda na maziwa, na nikiwa binti wa miaka kumi na minane nilijua kabisa amekuja kwa ajili yangu. Mara ya nne alikuja na wazee wake, wakamtaja Laurencia. Nikaenda kuchota maji nisiyotumwa. Mungu aliwajalia watoto wanne, mmoja akatangulia akiwa mchanga. Mzee Hilary alifariki mwaka 2011, na kwa haki niseme kwamba nilikuwa nimeshamsamehe.

Sasa nafika mahali mnapopasubiri. Kwa walio wageni: kigango chetu kina Bikira Maria kama msimamizi wake, na sikukuu yetu ni ya Kupalizwa kwake Mbinguni, tarehe 15 Agosti. Kabla ya siku hiyo, sanamu ya Mama hutoka kanisani ikalala nyumba tisa, kila siku nyumba moja. Nyumba nane ni heshima. Ya tisa inapita heshima, kwa sababu ndiko Mama anakosafishwa na kuvishwa kitambaa kipya jioni ya tarehe 14, na asubuhi anatokea mlango huo kwenda kanisani, kijiji kizima kikiwa nyuma yake kwa nyimbo na vigelegele. Hata vijana wetu wanaoendesha magari ya watalii huko Ngorongoro huomba ruhusa siku hiyo. Mwenye nyumba ya tisa hachaguliwi na kamati wala na Paroko. Hutajwa na yule aliyemtangulia anapokaribia kufa, na neno lake halipingwi. Asipotaja mtu, mwenye nyumba ya nane ndiye hupanda. Mwenye nyumba ya nane ni mimi.

Wa kwanza kushika nyumba ya tisa alikuwa bibi yetu mzaa baba. Hata baada ya ubatizo aliendelea kumwita Mungu Looaa, ambaye kwa wazee wa Kiiraqw ni mama, na hakuona ugumu wowote kumkaribisha Bikira Maria sebuleni. Bibi alifariki mwezi Machi 1989. Miezi yake miwili ya mwisho mimi ndiye niliyempikia uji asubuhi na jioni, na Laurencia alikuja Jumapili. Bibi akamtaja Laurencia. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Nyumba yake ina mlango mpana." Mwezi uliofuata nilimwita fundi akapanua mlango wangu. Bado unapitisha upepo.

Tangu hapo marehemu alimpokea Mama sikukuu thelathini na sita. Kila mwaka alishona kitambaa kipya kwa mkono, bila cherehani, akianza siku ya Pasaka. Mimi nilipewa nyumba ya nane mwaka 1997. Maana yake ni kwamba kila tarehe 14 Agosti nilimfungulia Mama mlango wangu, nikamtazama akipelekwa kwa dada yangu.

Kuna jambo la mwaka 2016 ambalo Baba Paroko amelisikia mahali pake, kwenye kitubio, na leo nalisema hadharani. Mnajua tunavyoamini: wabebaji wakiinua kiti cha kubebea sanamu ya Mama mlangoni na kikawa kizito, maana yake hajataka kuondoka, na nyumba ile inamlaza tena. Asubuhi ya tarehe 14 niliweka mawe mawili ya kusagia ndani ya kiti, nikayafunika na kile kitambaa kinachoning'inia mpaka chini. Akina mama wanne wakainua, wakashindwa. Mmoja akaanza kulia kwa imani. Vigelegele vikapigwa, watu wakasema Mama amemchagua Sabina, na mimi nikapiga magoti kama mtu asiyejua kitu.

Laurencia alikuwa amesimama uani akisubiri. Akaja, akainama kama anayebusu miguu ya Mama, akainua pindo la kitambaa, akaona. Akalishusha polepole. Kisha akashika mpini mmoja wa kiti mwenyewe akasema, "Akina mama, Mama hajakataa. Sisi ndio tumezeeka. Ongezeni mikono." Wakabeba watu wanane. Akapanda na mawe yangu kile kilima chote hadi kwake, jasho likimtoka, akiongoza wimbo. Sikukuu ilipokwisha niliyakuta mlangoni kwangu, yameoshwa. Hakunitajia jambo lile hata siku moja mpaka anaingia kaburini. Mngedhani nilishukuru. Nilikasirika miaka yote hii, kwa sababu hata katika kusamehe alinishinda.

Marehemu alianza kusumbuliwa na kisukari mwaka 2018. Mwaka 2022 figo zikaanza kushindwa, akatibiwa hapa Karatu na baadaye Arusha. Aliyemuuguza ni Nalangu, mke wa mwanawe Adrian, binti wa wafugaji wa Soitsambu aliyeolewa hapa mwaka 2019. Mnamkumbuka mwaka wake wa kwanza. Alimletea Mama mkufu wa shanga aliousuka mwenyewe, na baadhi yetu tukanung'unika. Niliyenung'unika kwa sauti kubwa zaidi ni mimi. Nilisema Mama si mtalii. Laurencia aliuchukua mkufu akamvisha Mama mbele yetu sote, na mwaka uliofuata wakwe wa Soitsambu walikuja na vibuyu vya maziwa, wakaimba mpaka sisi wenyeji tukanyamaza. Katika ugonjwa, Nalangu alimwogesha, akamgeuza, akamlisha. Mimi nilikwenda kila siku, na kila siku nilikuta ameshaogeshwa.

Hali ilibadilika mwishoni mwa Februari. Alipokea Mpako wa Wagonjwa Ijumaa tarehe 28, na akafariki nyumbani kwake Jumatatu tarehe 3 Machi 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Nilimshika mkono wa kulia. Nilimpenda, na hilo nalo mlisikie.

Ameacha watoto watatu, Adrian, Doreen na Thomasi. Wakwe wawili, wajukuu saba, na mdogo wake mmoja. Kijitabu mlichoshika kinaishia hapo, kwa mstari mmoja chini ya orodha hiyo: "Marehemu hakuacha neno kuhusu nyumba ya tisa."

Mstari huo niliuandika mimi Jumanne, nilipokwenda mjini kuchapisha. Ni uongo.

Jumamosi tarehe 1 Machi, alasiri, Nalangu akiwa uani anafua mashuka, nilikaa kitandani kwa dada yangu nikamuuliza waziwazi.

"Dada, nyumba ya tisa unamwachia nani?"

"Nalangu."

"Nalangu huyu wa juzi?"

"Huyohuyo. Wewe baki na ya nane."

"Nimekukosea nini, Laurencia? Tangu bibi, mimi ni wa uji tu?"

"Hujanikosea. Sikiliza, mdogo wangu. Wa nane ndiye anayemtoa Mama kwake sikukuu ikiwa mlangoni, akamkabidhi mwenzake. Kila mwaka nakutazama unavyofanya. Mimi nisingeweza. Ningekufa kwa wivu."

Akacheka mpaka akakohoa, nami nikamwinua anywe maji. Hakuna mwingine aliyesikia. Siku tano nimelala na neno hilo. Nilikuwa nimeshachagua hadi rangi ya kitambaa. Nilijiambia kwamba wafu hawasemi, kwamba Nalangu hajui mila zetu, kwamba zamu yangu imefika na kwamba Mama mwenyewe ataelewa. Jana Baba Paroko alinipaka majivu kwenye paji la uso pamoja na ninyi, nikarudi nyumbani, na bado nilikuwa nataka ile nyumba. Hata sasa hivi nikisoma naitaka.

Lakini amesema Nalangu, na neno la mwenye nyumba halipingwi.

Nalangu mwanangu, usilie kwanza, nisikie. Tarehe 14 Agosti asubuhi nitakuwa nimesimama mlangoni kwangu na Mama. Njoo mapema. Ukichelewa, sijiamini.

Dada yangu Laurencia apumzike kwa amani. Mimi bado.