Mzee Nestory na Kimea cha Kuku

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Sogezeni vigoda karibu na redio, na kama kuna moto jikoni msiuzime, maana baridi ya Ufipa leo haina adabu. Jioni hii tunamkumbuka Mzee Nestory wa Mollo. Narudia kwa waliochelewa kuwasha redio: Mzee Nestory wa Mollo, zamani mlinzi wa ghala la nafaka la serikali, baadaye mzee wa kimea cha kuku. Ametutoka kipupwe hiki, kwa homa ya kifua, akiwa nyumbani kwake.

Habari ya Mzee Nestory haisimuliki bila mkewe, Mama Bertila. Na Mama Bertila, nawaambia mapema, mpaka sasa amechanganyikiwa. Tulipokwenda kumpa pole alituuliza swali badala ya kutujibu. Swali lenyewe mtalisikia.

Tuanze na Bertila kabla hajawa mlokole. Alikuwa mpika pombe ya ulezi. Si mpika pombe wa kubabaisha. Watu walitoka Namanyere wakashuka kwenye basi na kuulizia kwake kabla hata hawajauliza pa kulala. Siri ilikuwa kimea. Ulezi wake aliuloweka, akaufunika kwa majani, akaugeuza kwa mikono mpaka ukachipua sawasawa, punje zote kwa pamoja. Hapa kwetu hiyo ni kazi ya wanawake. Mwanamume anakijua kimea kikiwa tayari kikombeni.

Kisha kikaja kipupwe cha mwaka mmoja. Kaka yake Bertila, jina lake Dominiko, alikunywa kwa dada yake, akaaga vizuri, akaondoka. Asubuhi wakamkuta kwenye mfereji, amekufa kwa baridi. Wasikilizaji, pombe aliyokunywa Dominiko ilipikwa na dada yake mwenyewe. Bertila alivunja vyungu. Akaingia kanisa dogo la pale Mollo, akasimama mbele ya watu wote, akaweka nadhiri: "Mikono yangu hii haitagusa kimea tena mpaka nife." Shikeni maneno hayo. Mikono yangu haitagusa kimea.

Ikaja miaka ile ya ruksa. Biashara ikafunguliwa, kila mwenye lori akawa mnunuzi wa mahindi, na ghala la serikali likafungwa. Mzee Nestory akarudishwa nyumbani na shukrani na fungu la magunia matupu. Alikuwa haelewi. Alikuwa akikaa kibarazani akiuliza wapita njia: mahindi yamejaa mashambani, watu wanalia njaa, na ghala lina kufuli, sasa hapo kilichofunguliwa ni kipi? Wapita njia walicheka, wakapita. Hakuna aliyemjibu, labda kwa sababu hakuna aliyejua.

Akageukia kuku. Bertila alikuwa na kuku wa kienyeji uani, na mayai yao ndiyo yaliyobaki kuilisha nyumba ile na kumsomesha binti yao, Herieth. Lakini Ufipa wa kipupwe mnaujua. Nyasi zimekauka, zimeungua, hakuna jani bichi hata la kusingizia. Chakula cha kuku kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara wapya kilikuwa pumba tupu, na siku nyingine mchanga. Kuku wakaacha kutaga. Wakaanza kunyonyoana manyoya.

Siku moja Nestory alikung'uta gunia lake moja la zamani. Lilikuwa limelowa maji ya mtungi uliovuja, na ndani yake ulezi uliosahaulika ulikuwa umechipua. Kuku waliacha pumba wakaja mbio, wakala vile vichipukizi mpaka wakakwangua ardhi. Nestory akasimama pale na gunia lake mkononi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu ghala lifungwe kuona kitu anachokielewa.

Akaingia ndani, akamwambia mkewe amfundishe kuchipusha ulezi.

Bertila alikataa. Alimkumbusha nadhiri. Nestory akasema hii si pombe, ni chakula cha kuku. Bertila akasema kimea ni kimea, hakina jina lingine kwa sababu anayekila ana mdomo wa kudonoa. Wakanuniana. Mzee akaamua kujaribu mwenyewe, na kwa vile alikuwa ameona kazi ile kwa mbali tu, akaujaza ulezi uliolowekwa kwenye gunia, akaufunga, akauacha.

Mama Bertila alianza kusikia harufu akiwa jikoni. Aliijua. Ulezi uliorundikwa unapata fukuto, kisha unaota ukungu. Alijua pia dawa yake, na alinyamaza. Kuku wakala ule ulezi wenye ukungu, wakaanza kusinzia na kuanguka. Alipokufa jogoo mwekundu, aliyekuwa akiiamsha Mollo nzima, Bertila alikuja mlangoni, akafumbata mikono kifuani, akasema:

"Baba Herieth, umerundika. Tandaza. Wembamba, usizidi kidole. Na maji asubuhi na jioni."

Basi ikawa hivyo, wasikilizaji wapendwa. Mama yuko mlangoni, mikono kifuani. Baba yuko uani, ameinamia nyungo. Mdomo wa mke, mikono ya mume. Mama anasema geuza, baba anageuza. Mama anasema umezidisha maji, baba anamwaga. Mama hakutaka ukaushwe juani kama kimea cha pombe. Uliachwa mpaka ukatoa majani, ukawa zulia la kijani juu ya ungo, halafu kuku wakapewa na mizizi yake. Wakati kuku wa majirani walikuwa wamebaki mifupa, kuku wa Nestory walitaga kipupwe chote. Herieth, aliyekuwa amekatishwa kwa kukosa ada, alirudi shule.

Lakini Mollo si mahali pa kuficha ulezi uliochipua. Mama Josefina, kiongozi wa kwaya, alikuja kuomba chumvi, akaona nyungo. Mnaona mambo hayo? Nyumba ya mlokole, mpika pombe wa zamani, na nyungo zimejaa ulezi uliochipua. Hata mimi ningeirudisha ile chumvi. Jumapili hiyo hiyo wazee wa kanisa walifika na Mchungaji Enock.

Mchungaji aliuliza nani ameotesha. Bertila akajibu ni mume wake. Mchungaji akasema mwanamume wa Kifipa hajui kimea, nani kamfundisha? Bertila hakudanganya. Alisema, "Ni mdomo wangu, Mchungaji. Mikono sijaiweka."

Mchungaji Enock aliziangalia nyungo, akawaangalia kuku, akaiangalia mikono ya Mama Bertila. Hakuna mahali alipofundishwa jambo la namna hiyo. Mwisho akasema suala hili ni gumu, ataliuliza kwa wakubwa. Wakati jibu likisubiriwa, Mama Bertila asiimbe kwaya, akae benchi la nyuma.

Jibu hilo halijafika. Narudia, halijafika mpaka leo. Wakubwa walihamishwa, wengine wakafa, kanisa likapata bati jipya, Herieth akamaliza shule akaolewa Kasanga, na Mama Bertila yuko benchi la nyuma. Mchungaji naye, msicheke, alipita siku moja akaomba aoneshwe namna ya kutandaza, kwa ajili ya kuku wake. Alioneshwa. Kwa mdomo tu.

Nilimuuliza Herieth kama mama yake aliumia. Alisema, "Mama alipenda kuimba kuliko kula. Akiwa anamwelekeza baba uani, alikuwa anaimba katikati ya maelekezo. Baba alikuwa anachelewesha kazi makusudi, ili wimbo usiishe."

Sasa tufike mwisho wake. Kipupwe hiki Mzee Nestory alianza kukohoa. Jumanne jioni aliloweka ulezi kama kawaida na kuumimina kwenye nyungo. Alfajiri hakuamka. Akazikwa Alhamisi. Mama Bertila akaketi mkekani na wanawake, kama ilivyo desturi ya mfiwa, na mwanamke aliyefiwa na mume haondoki mkekani kwenda kuhangaika na kazi za uani. Alilia mpaka sauti ikakauka. Ikakauka kabisa, akifungua mdomo hakitoki kitu.

Asubuhi ya Ijumaa kuku walianza kupiga kelele. Na pale mkekani, Mama Bertila akasikia harufu. Ulezi wa mwisho wa Nestory ulikuwa umechipua wenyewe, bila mtu wa kuugeuza, na umeanza kupata fukuto. Herieth, aliyekuja kutoka Kasanga kuzika, alitoka mbio kwenda kusaidia. Hakuwahi kufundishwa. Akaukusanya wote pamoja kwenye ungo mmoja, akaurundika.

Mama Bertila alitaka kusema tandaza. Alijaribu. Mdomo ulifunguka, sauti haikuja. Mdomo ule, ambao kwa miaka yote ndio uliobeba kazi, ulikuwa umekwisha.

Akasimama. Wanawake wakamshika nguo, akawatoa taratibu. Akaenda uani, akapiga magoti, akaingiza mikono kwenye ulezi. Akautenganisha. Akautandaza wembamba, usizidi kidole. Herieth ananiambia, "Mama alikuwa anatenganisha punje kwa vidole. Alikuwa analia bila sauti. Sikujua anamlilia baba au anamlilia mjomba Dominiko. Nadhani na yeye hakujua."

Mchungaji Enock alikuwa benchini na wanaume. Aliona yote. Watu wakageuka kumtazama, maana nadhiri ilikuwa inavunjika mbele yake mchana kweupe. Mchungaji akainuka, akachukua kopo la maji, akaenda akainama pembeni ya yule mama, akawa anamimina kidogo kidogo pale mikono yake ilipopita. Alimimina mpaka nyungo zikaisha. Kisha akarudi benchini akaketi.

Na hili ndilo swali ambalo Mama Bertila alituuliza, sauti yake ikiwa bado ya kukwaruza: "Mwanangu, yale maji ndiyo jibu, au bado nisubiri?" Tulimwambia pole tu, tukanywa chai yake, tukaondoka.

Wasikilizaji wapendwa, pole nyingi ziende kwa Mama Bertila, kwa Herieth na mumewe kule Kasanga, kwa majirani wote wa Mollo, na kwa Mama Josefina pia, ambaye tumesikia amemwachia mfiwa nafasi yake mstari wa mbele wa kwaya, naye mfiwa bado hajaenda kusimama pale. Mungu ampumzishe Mzee Nestory. Ninyi mlioketi jikoni usiku huu, lifikirieni swali la mama huyu. Kama mna jibu, msituletee sisi studio. Mpelekeeni yeye. Mtamkuta uani asubuhi na jioni, saa za kumwagilia, na mikono yake imelowa.