Pumba za Melkizedek

Bisha! Bisha kabisa, halafu panda treni ushuke Kilosa, uulize nani anaumeza mji huu kwa pumba za mahindi. Kijiwe chetu kipo nyuma ya stesheni, benchi moja la mataruma ya reli, pale Bonifas anapouza kahawa. Tangu serikali iseme ruksa kufanya biashara, hapo ndipo tunapoamua nani atajirike na nani asubiri. Mimi wananiita Profesa, maana shule niliiacha darasa la tano baada ya kuona mwalimu hana jipya. Siku hiyo nilikaa juu ya mkokoteni wangu uliosheheni magunia, nikinywa kahawa kwa hasira. Melkizedek, mwenye mashine ya kukoboa, mabanda ya kuku na hoteli kule Mikumi, alikuwa amemwambia Bonifas: jioni nakuja kununua birika, benchi na hapo ulipo.

— Usiuze, Boni! nikafoka. Ukiuza tutakaa wapi?

— Mtakaa kwenu, akasema Bonifas, akipuliza mkaa.

— Yule ana jini, akasema Lukasi fundi baiskeli, tunayemwita Spoku. Kalitoa Lumuma. Likipiga chafya tu, duka!

— Jini gani? akaguna Mzee Hezekia, mstaafu wa reli. Anauza mafuta ya simba wa Mikumi. Simba mwenyewe anamkamua akiwa hai.

— Mzee, heshima yako, lakini hapo umeacha njia, nikasema. Jini lenyewe ni wake zenu! Wakienda kukoboa, pumba wanamwachia mwenye mashine, eti nzito kubeba. Bwana yule kazipeleka kwa kuku. Kuku wametaga, mayai yameuzwa hotelini Mikumi mabasi yanaposimama. Mwenye hoteli kachoka, kamuuzia. Sasa mashine inalisha kuku, kuku wanalisha hoteli, hoteli inanunua mashine nyingine Msowero. Katajirika kwa pumba zetu, na shukrani hakuna!

Benchi zima likawaka.

— Ndiyo maana wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame! akafoka Spoku. Mimi siinami ng'o!

— Basi na sisi tuungane! nikadakia. Birika la Boni, spana za Spoku, mkokoteni wangu. Biashara tatu, bosi mmoja. Mimi.

— Wewe? akacheka Spoku. Hata jina lako unaliandika kwa kuazima herufi!

— Mwenyekiti awe mtu mzima, akasema Mzee Hezekia.

— Na wewe mzee unaleta nini? nikamuuliza.

— Uzoefu. Ushirika niliuona ukizaliwa, na maziko yake nilihudhuria.

— Kwa hiyo unataka kutuzika na sisi!

Vikombe vilishaanza kugongwa benchini aliposogea dada mmoja, Magreti, aliyekuwa akingoja gari la kurudi kwao Ruhembe.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba, mwanangu.

— Kaka zangu, nimewasikia tangu kule. Muungano wenu mzuri. Sasa jioni ndiyo hii, na mnunuzi yuko njiani. Nani anaanza kuweka chake hapa?

Spoku akausukuma mfuko wa spana chini ya benchi kwa kisigino. Mzee Hezekia akachungulia kikombe kitupu. Bonifas akanikazia macho.

— Profesa, si umesema mkokoteni? Weka.

Nikatukana jua, nikatukana reli, nikashika mikono ya mkokoteni nikaanza kusukuma. Nyuma yangu Bonifas alikuwa analisuuza birika, alisafishe kwa ajili ya mgeni wake.

Haya, usinicheke. Niliposema "mkokoteni wangu" kuna kipande nilikiruka. Ulikuwa wangu hadi Pasaka. Melkizedek akaununua, na mimi nikabaki kuwa gurudumu lake la tatu. Yale magunia niliyokalia nikifoka yalikuwa ya pumba, na kuku wake walishaanza kulia njaa.