Kibao cha Polepole

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha kinyozi, na bawaba zake mpaka leo zinachana suruali za watu. Mwenye kibanda, tangu aanze kutengeneza filamu kwa simu yake, hataki tena kuitwa Kinyozi. Anataka Dairekta, na sisi ni nani hata tumkatalie? Kulia kwake hukaa Waya, fundi umeme, ambaye ndiye mpigapicha, kwa kuwa mkono wake hautetemeki akishika kitu cha hatari. Kushoto hukaa Breki, dereva mstaafu wa lori, anayejua methali zote na matumizi ya hata moja hajui. Mama Birika anauza kahawa na kusikiliza, mpaka kusikiliza kumchoshe. Alasiri hiyo Dairekta alikuwa hashikiki, maana baba mkwe wake alikuwa njiani kuja kuitazama sini moja, yaani kipande kimoja cha filamu, na sini yenyewe, jamani, ilikuwa aibu tupu.

Dairekta: Mzee alimruhusu mkewe acheze kwenye filamu kwa sharti moja. Aione sini yake kabla ya mtu yeyote.

Breki: Mbona sisi tumeiona mara nne?

Dairekta: Kwani nyie ni watu?

Sini ilikuwa hivi. Dairekta ndiye steringi, shujaa wa filamu, na mama mkwe wake ni mama wa adui. Alipoambiwa kazi yake ni kumzaba mkwewe kibao, mama wa watu alikubali kabla maneno hayajaisha. Kibao kilitakiwa kiwe cha slomo, mambo yaende taratibu mpaka mtazamaji ahesabu vidole. Simu haikuwa na uwezo huo. Waya akasema simu haiwezi, lakini watu wanaweza: kila mtu aende polepole. Basi mama akanyanyua mkono polepole, akaushusha polepole, ukatua shavuni, ukateleza taratibu hadi kidevuni. Dairekta akageuza shingo polepole, macho kayafumba, mdomo wazi. Kwenye kioo cha simu kibao hakikuonekana. Alionekana mama mtu mzima anampapasa mume wa binti yake, na mume wa binti yake anaona raha.

Waya: Mimi picha yangu haina kosa. Tatizo kuku.

Kweli, nyuma yao alipita kuku, naye hakuwa ameambiwa habari za slomo. Alikatiza kwa mbio zake za kawaida.

Breki: Haraka haraka haina baraka. Kuku ndiye aliyekosea.

Dairekta: Breki, mimi nakaa chumba cha uani kwa huyo mzee! Bure! Akiona mkewe ananishika hivi, leo hii nalala kwenye benchi hili na mke wangu anabaki kwa baba yake.

Mama Birika: Si mrudie kupiga?

Dairekta: Mama kasafiri asubuhi, kaenda kumuuguza dada yake.

Mama Birika: Basi futa.

Dairekta: Keshamsimulia mzee kibao chote. Anakisubiri kwa hamu.

Waya: Tuikimbize. Ikienda mbio kitakuwa kibao.

Wakaikimbiza. Mama akawa kama anafukuza nzi, na kuku akapita kama risasi. Dairekta akashika kichwa.

Waya: Basi sauti. Tuchape taulo mbichi ukutani, paa! Mzee akisikia paa, macho yake yatafuata masikio.

Mama Birika: Paa ya nini, wakati mkono uko kidevuni unashuka?

Breki: Sikilizeni. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwambie mzee mama anakupaka sumu. Sumu lazima ipakwe taratibu, ikolee.

Dairekta: Na mimi nafurahia sumu?

Breki: Hiyo ndiyo sumu yenyewe. Inaanza kwa raha. Nimeendesha lori miaka mingi, nimeona.

Waya: Ukweli ni kwamba waigizaji walikuwa na njaa. Mtu mwenye njaa polepole yake ina hasira. Mngewashibisha mpaka wasinzie, mngepiga saa sita ya jua kali, hata damu ingetoka kwa slomo.

Mama Birika: Waya, umeme umekuingia.

Breki: Mimi naona tumtafute kuku. Tukimpata kuku, mengine yatajipa.

Dairekta alitaka kulia, kisha akataka kucheka, kisha akamwona mzee anakunja kona, kofia mkononi, shati la kutokea. Wote wakasimama. Bawaba ikamchana Breki, hakupiga hata kelele.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba. Haya, nioneshe hicho kibao.

Dairekta akampa simu kwa mikono miwili. Mzee akaiweka karibu na pua. Akatazama mpaka mwisho. Uso haukubadilika.

Waya: Mzee, ile ni slomo, tunaiita—

Breki: Ni sumu, mzee. Sumu.

Mzee akamrudishia Dairekta simu.

— Irudishe nyuma nione tena.

Akaona tena. Mkono wa mkewe ukatua, ukateleza, ukafika kidevuni. Safari hii mzee alijishika shavu lake mwenyewe, bila kujua kwamba anajishika. Kisha akamgeukia Dairekta, na wala hakuwa na hasira, aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

— Ulimwambiaje mpaka akakushika hivi?

Dairekta akafungua mdomo. Alimwambia tu, "Mama, polepole," lakini hilo angelisemaje mbele ya mtu aliyekaa na mwanamke huyo tangu ujana wake? Akamwangalia Waya. Waya akaangalia nyaya za nguzo. Breki alikuwa na kikombe mdomoni, kimekwisha zamani, akaendelea kukinywa. Mama Birika akajifuta mikono na kanga, akafuta tena.

— Mimi hata nikiumwa hanishiki hivyo, mzee akasema.

Akakaa katikati ya benchi kusubiri jibu. Na Dairekta, aliyekuwa ameogopa kufukuzwa tangu asubuhi, akaona heri angefukuzwa.